Chukudu, sindano na mashine ya oksijeni: hataza inalinda nini, na inalinda wapi?

Mgeni akifika Goma, mashariki mwa Kongo, na kuiona chukudu, chombo cha mti cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ikiteremka kutoka Kibumba, magunia ya makaa yamepangwa juu mpaka mwendeshaji haonekani, hakawii kuuliza: mbona hamjaiandikisha? Mchina ataiiga, atatajirika, nanyi mtabaki mnasukuma. Swali hilo nimelisikia kwa wanafunzi wa ufundi, kwa watumishi wa mashirika, hata kwa mafundi wanaochonga chukudu zenyewe. Ni swali halali, ila limejengwa juu ya dhana tatu ambazo hazisimami. Ya kwanza ni kwamba hataza (yaani patent, haki ya muda ya kuwazuia wengine wasitengeneze uvumbuzi wako; huku wengi wetu tunasema breve) ni cheti cha heshima anachopewa mwenye kitu chake. Ya pili ni kwamba ukishaipata unalindwa dunia nzima. Ya tatu ni kwamba kitu kikiwa na hataza ya mtu mwingine, sisi wengine hatuna ruhusa hata ya kukigusa. Hiyo ya tatu ndiyo inayotugharimu zaidi, hasa kwenye vifaa vya hospitali.

Tuanze na chukudu yenyewe. Hakuna mtu duniani anayeweza kuipatia hataza leo, awe wa Goma au wa Guangzhou. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na upya huo unapimwa kwa dunia yote: kama kitu kimewahi kuonyeshwa hadharani, kupigwa picha, kuandikwa au kuuzwa, upya wake umekwisha. Chukudu iko barabarani tangu miaka ya 1970, imepigwa picha na kila mwandishi wa habari aliyepita hapa, na sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama katikati ya mji. Mchina anaweza kuiiga, ndiyo, lakini hawezi kuichukua na kutukataza sisi kuichonga.

Upya peke yake hautoshi. Sharti la pili ni kwamba jambo lenyewe lisiwe la wazi kwa fundi wa kazi hiyo. Kuvisha gurudumu la mti ukanda wa mpira wa gari lililochakaa ni akili nzuri, lakini mtu yeyote anayechonga magurudumu angelifikia. Ofisi ya hataza inayofanya kazi yake vizuri ingelikataa ombi hilo hata kama hakuna aliyewahi kulifanya. Sharti la tatu ni jepesi: kitu kiwe kinaweza kutengenezwa na kutumika, kisiwe ndoto ya mashine inayozunguka milele bila nguvu.

Kuna kisa cha zamani kinachofaa hapa, maana kinahusu ndugu mkubwa wa chukudu. Mwezi Juni 1817, mjini Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alipanda chombo cha mti chenye magurudumu mawili, bila pedali, akakisukuma kwa kukanyaga chini kwa miguu yake. Januari 1818 mtawala wa Baden, dola ya Kijerumani ya wakati ule, alimpa haki ya kukitengeneza peke yake kwa miaka 10. Kabla mwaka huo haujaisha, mtengenezaji wa magari ya farasi wa London, Denis Johnson, alikuwa na hataza yake mwenyewe ya Uingereza kwa chombo cha aina hiyo hiyo, kilichoboreshwa kidogo. Drais hakuwa na la kumfanya. Karatasi yake ilikuwa na nguvu Baden, na London ilikuwa nchi nyingine. Miaka 200 imepita, na kanuni hiyo bado ipo.

Siri na mkataba

Hataza ilianzishwa kwa nini hasa? Wengi hudhani ni kwa ajili ya kumtajirisha mvumbuzi. Utajiri ni chambo tu. Shabaha ilikuwa kumfanya mvumbuzi aseme.

Ukitaka kuelewa, angalia familia ya Chamberlen. Walikuwa Wafaransa wa madhehebu ya Kiprotestanti waliokimbilia Uingereza mwaka 1569. Mnamo mwanzo wa karne ya 17 mmoja wao, Peter, alikuwa na chombo ambacho hakuna mkunga mwingine alikuwa nacho: koleo la kuzalishia, la vipande viwili vilivyopinda kufuata kichwa cha mtoto, kila kipande kikiingizwa peke yake na kisha kufungwa pamoja. Mwanamke aliyekwama siku mbili angeweza kuokolewa, na mtoto pia. Familia hiyo ikalificha koleo kwa zaidi ya miaka 100, baba akimpa mwana. Husimuliwa kwamba walikuwa wanafika kwenye nyumba ya mzazi na sanduku kubwa, wanamfunga mama macho, ndugu wanatolewa nje. Mwaka 1670 Hugh Chamberlen alijaribu kuiuza siri hiyo Paris kwa daktari maarufu François Mauriceau. Akapewa mgonjwa wa kumjaribia, mwanamke mwenye nyonga iliyoharibika vibaya. Alishindwa, mwanamke akafa, biashara ikafa. Koleo lilijulikana kwa madaktari wengine katika karne ya 18 tu, na mwaka 1813 vyombo vya familia hiyo vilikutwa vimefichwa chini ya sakafu ya nyumba yao ya zamani huko Essex.

Hakuna awezaye kuhesabu ni wanawake wangapi walikufa katika miaka hiyo huku dawa ya tatizo lao ikiwa ndani ya sanduku la mtu. Hilo ndilo tatizo ambalo hataza inajaribu kulitatua. Serikali inamwambia mvumbuzi: tuandikie yote, kwa michoro, kiasi kwamba fundi mwenzako akisoma ataweza kukitengeneza. Nasi tutawazuia wengine wasikitengeneze bila ruhusa yako kwa muda fulani. Muda ukiisha, ni cha wote. Jiji la Venezia lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1474 na likatoa miaka 10. Uingereza mwaka 1624 iliweka miaka 14. Leo, tangu mkataba wa Shirika la Biashara Duniani ulioanza kutumika 1995, kawaida ni miaka 20 kuanzia siku ombi lilipopelekwa.

Miaka 20 ndiyo dari. Katika nchi nyingi mwenye hataza anatakiwa kulipa ada za kuiweka hai, na asipolipa inakufa mapema. Nyingi hufa hivyo, kwa sababu kifaa hakikuuzwa na mwenyewe amechoka kulipa.

Mawe ya mpaka

Hati ya hataza ina sehemu kadhaa: michoro, maelezo marefu, na mwishoni madai. Mtu asiyezoea huangalia jina la juu, anasoma "mashine ya kutengeneza oksijeni", anadhani mashine zote za oksijeni zimeshachukuliwa. Jina halina nguvu yoyote kisheria. Michoro nayo inasaidia kuelewa tu. Kinacholindwa ni madai, na madai yanafanya kazi kama mawe ya mpaka wa shamba: ndani yake ni pa mwenyewe, nje yake ni pa kila mtu, hata kama ni hatua moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa Ndosho anachoshwa na ajali za chukudu kwenye mteremko. Breki ya kawaida ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mzigo ukizidi, mguu hauwezi. Anabuni breki inayojikaza kwa uzito wa mzigo wenyewe. Madai yake yanaweza kusema: chombo chenye ubao na magurudumu mawili, ambapo chini ya ubao kuna (a) wenzo unaolala, (b) springi inayouinua wenzo huo, na (c) kipande cha mpira mwishoni mwa wenzo kinachogusa gurudumu la nyuma mzigo ukiegemea mbele.

Ili mtu aonekane ameingilia hataza hiyo, chombo chake lazima kiwe na vyote: ubao, magurudumu, wenzo, springi na mpira, vikifanya kazi kama ilivyoandikwa. Fundi wa Majengo akitengeneza breki inayojikaza kwa kamba na kapi, bila wenzo wala springi, kuna uwezekano mkubwa kwamba yuko nje ya mpaka. Kwa hiyo mwandishi hodari wa madai hataji springi kama springi si ya lazima. Kila kitu unachokitaja kinapunguza shamba lako. Ukitaja vichache mno nawe unakanyaga kitu cha zamani, na ombi linakataliwa. Sanaa yote ya wanasheria wa hataza imo humo.

Kukwepa madai ya mwenzako hakuna aibu. James Watt, yule Mwingereza wa injini za mvuke, alifanya hivyo. Mwaka 1780 James Pickard alipata hataza iliyomzuia Watt kutumia kombo (krenki) la kawaida kugeuza mwendo wa juu na chini kuwa mwendo wa kuzunguka. Kampuni ya Watt haikuomba ruhusa wala haikusubiri. Ilitumia magurudumu mawili ya meno, moja likizunguka jingine, ikapata mzunguko ule ule. Hataza ya Pickard ilikuwa imemsukuma mshindani wake kubuni kitu kipya.

Watt huyo huyo alijua pia upande wa pili. Hataza yake ya 1769 juu ya chumba cha pembeni cha kupoozea mvuke ilirefushwa na Bunge la Uingereza mwaka 1775 mpaka 1800. Jonathan Hornblower alikuwa na hataza yake halali ya 1781, juu ya injini ya silinda mbili, lakini injini hiyo ilihitaji chumba cha kupoozea. Watt akadai kwamba inaingilia hataza yake, na Hornblower akazuiwa kuiendeleza. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui: hataza haikupi ruhusa ya kutengeneza kitu chako. Inakupa haki ya kuwazuia wengine tu. Kama kitu chako kimejengwa juu ya cha mwingine, nawe unahitaji ruhusa yake.

Mpaka wa Petite Barrière

Sasa turudi nyumbani. Ukitoka Goma ukavuka Petite Barrière kwa miguu uko Gisenyi, Rwanda. Kisheria umevuka pia kutoka ulimwengu mmoja wa hataza kwenda mwingine. Rwanda, Uganda, Tanzania na Zambia zimo ndani ya ARIPO, ofisi ya kikanda yenye makao Harare: mtu anapeleka ombi moja, anataja nchi anazozitaka. Nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa ziko ndani ya OAPI, yenye makao Yaoundé, ambapo hataza moja inashika nchi zote 17 kwa pamoja, Kongo-Brazzaville imo. Sisi, nchi yenye watu wengi kuliko jirani yetu yeyote, hatumo Harare wala Yaoundé.

Anayetaka ulinzi ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anatakiwa kupeleka ombi Kinshasa, kwenye ofisi ya mali ya viwanda iliyo chini ya wizara ya viwanda. Sheria ya msingi ni namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, ya enzi za Zaire. Kwa mtu wa Goma, Kinshasa ilikuwa mbali hata kabla ya Januari 2025. Tangu waasi wa M23 walipouchukua mji, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango, basi safari ya bahasha moja imekuwa hadithi ndefu. Anayefikiria mambo haya Lubumbashi ana nafuu kidogo.

Kuna mlango mmoja wa maana ambao nchi yetu inao. Tumo katika Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda tangu 1975. Ukishapeleka ombi Kinshasa, una miezi 12 ya kupeleka ombi hilo hilo katika nchi nyingine wanachama na kuhesabiwa kana kwamba ulilipeleka siku ile ile ya kwanza. Katika miezi hiyo unaweza kuonyesha kifaa chako, kutafuta mtu wa kukutia mtaji, kuona kama kuna soko Kampala au Kigali. Lakini usifanye kinyume chake. Wapo vijana wanaoonyesha uvumbuzi wao kwenye maonyesho ya chuo, wanaupakia kwenye simu zao kwa video, wanashangiliwa, kisha ndipo wanauliza habari za hataza. Marekani humsamehe mvumbuzi mwenyewe kwa mwaka mmoja. Ulaya, kwa kawaida, video hiyo moja inatosha kuua ombi.

Upande mwingine wa jambo hili ni mzuri kwetu, na hausemwi vya kutosha. Hataza ya Marekani haina nguvu hata kidogo Goma. Ya Ujerumani vile vile, ya China vile vile. Kampuni za vifaa huomba hataza mahali ambapo kuna viwanda shindani au soko kubwa, na nyingi hazijisumbui kuja Kinshasa. Maana yake, sehemu kubwa ya michoro iliyomo ndani ya hataza za dunia inaweza kusomwa na kutengenezwa hapa kihalali, hata kama ni ya mwaka juzi. Ni lazima kuhakikisha kwa kila kifaa, sisemi kila kitu ni bure. Na ukitaka kukiuza kifaa hicho ng'ambo ya mpaka, Rwanda au Uganda, basi lazima uangalie hataza za huko. Bidhaa inapovuka kizuizi inakutana na sheria ya upande wa pili.

Hewa, mchanga na valvu

Mfano unaonigusa zaidi ni mashine ya oksijeni, ile inayowekwa pembeni ya kitanda na kunguruma usiku kucha. Hewa tunayovuta ina naitrojeni karibu asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Mashine haitengenezi oksijeni; inaondoa naitrojeni. Ndani yake kuna mitungi miwili iliyojaa chembe za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno. Kompresa inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya mtungi wa kwanza, zeolaiti inaishika naitrojeni, na gesi inayotoka upande wa pili ni oksijeni kwa zaidi ya asilimia 90. Baada ya sekunde chache zeolaiti imeshiba. Valvu inageuka, hewa inakwenda mtungi wa pili, na ule wa kwanza unaachiwa shinikizo, naitrojeni inatoka nje, huku oksijeni kidogo kutoka kwa mwenzake ikiusafisha. Kisha zamu inabadilika tena.

Wazo hilo la mitungi miwili inayopokezana liliombewa hataza Marekani na Charles Skarstrom mwaka 1958, likapewa mwaka 1960. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Kwa hiyo tangu 1977 wazo hilo ni la kila mtu duniani, Marekani yenyewe ikiwemo. Waliokuja baadaye walipata hataza zao juu ya valvu fulani, namna ya kupunguza kelele, kitambuzi cha kupima oksijeni, mashine ndogo ya kubeba begani. Moyo wa mashine uko huru.

Basi mbona stoo za hospitali zetu zina mashine za oksijeni zilizokufa? Kisa si hataza. Zeolaiti ikipata unyevu inaharibika. Chujio likiziba kwa vumbi, na vumbi la mawe ya volkano ya Nyiragongo tunalijua, kompresa inapata joto na kuchoka. Umeme ukipanda ghafla, kadi ya umeme inaungua. Kipande kinachohitajika kinaweza kuwa kidogo, lakini kimetengenezwa kwa umbo ambalo kampuni moja tu inauza. Watu husema "ni hataza yao". Mara nyingi sivyo: kampuni imechagua umbo la peke yake na kuficha kijitabu cha matengenezo, jambo ambalo halihitaji hataza yoyote. Ukichanganya mambo hayo mawili utamlaumu asiyehusika, na utaogopa kuchonga kipande ambacho hakuna sheria inayokukataza kukichonga.

Woga huo hauko Goma peke yake. Machi 2020, hospitali ya Chiari karibu na Brescia, Italia, iliishiwa valvu za kuchanganyia oksijeni za wagonjwa wa Covid. Wahandisi wawili, Cristian Fracassi na Alessandro Romaioli, wakazipima na kuzichapa kwa printa ya 3D. Dunia nzima ikaanza kubishana kama watashtakiwa. Kilichonivutia ni walichofanya baadaye: walibuni kiungo cha kugeuza barakoa ya kuogelea kuwa ya kupumulia, wakaharakisha kukiombea hataza, kisha wakaweka mchoro wake wazi kwa kila mtu. Waliitumia hataza kama kufuli la kumzuia mlanguzi asije akakiandikisha yeye na kupandisha bei. Volvo ilikuwa imefanya jambo la namna hiyo zamani: mkanda wa gari wa pointi tatu, kazi ya Nils Bohlin ya mwaka 1959, ulikuwa na hataza, lakini kampuni iliwaacha watengenezaji wengine wautumie.

Sindano inayokataa kutumika tena

Kwenye chanjo kuna mfano wa hataza iliyofanya kazi ilivyokusudiwa. Sindano ya kawaida ya plastiki inaweza kuvutwa tena, kuoshwa, kuchomwa mtu wa pili, na virusi vya ukimwi au vya ini vikapita. Mwingereza Marc Koska alianza kulishughulikia tatizo hilo miaka ya 1980. Jibu lake, sindano ya K1, lina pete ndogo ndani ya bomba inayoruhusu pistoni kwenda upande mmoja tu ikishasukumwa. Ukijaribu kuivuta tena inakwama, ukilazimisha inavunjika. Ubora wa wazo ulikuwa kwenye kiwanda: lingeweza kutengenezwa kwa mashine zile zile za sindano za kawaida, baada ya mabadiliko madogo. Koska hakujenga kiwanda chake. Aliuza leseni kwa wenye viwanda. Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA zilitaka chanjo zote zitumie sindano za kujifunga kufikia mwisho wa 2003, na zipo za miundo kadhaa, kila mmoja na madai yake. Muuguzi wa Bukavu anayechanja watoto anazijua zote kwa mikono, pengine bila kujua kwamba tofauti za mlio na mkwamo anazozisikia zimetokana na wahandisi waliokuwa wanakwepana mipaka.

Mkono wa daktari ni habari nyingine. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaziruhusu nchi kukataa hataza juu ya njia za upasuaji na tiba, na Ulaya inazikataa. Kifaa kinaweza kulindwa. Namna ya kukata na kushona hapana. Marekani ilikuwa inaruhusu, mpaka daktari wa macho, Samuel Pallin, alipomshtaki mwenzake mwaka 1993 kwa kutumia njia yake ya kupasua mtoto wa jicho bila kushona. Madaktari walikasirika, na mwaka 1996 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwakinga madaktari na mashtaka ya aina hiyo. Kwa hiyo ujuzi wa upasuaji uliowapa hospitali ya Panzi ya Bukavu na Dokta Mukwege jina duniani unaweza kufundishwa kwa yeyote. Nadhani hapa sheria ilikata mahali pazuri.

Wapo walioamua kutoomba kitu. Mguu wa Jaipur, uliobuniwa India na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na Dokta P. K. Sethi mwishoni mwa miaka ya 1960, haukuwekewa hataza, kusudi karakana yoyote iutengeneze. Mafundi wa viungo bandia wa kituo cha Shirika la Umoja hapa Goma wanatumia njia nyingine, ya plastiki ya polipropilini inayofundishwa na Msalaba Mwekundu, lakini wanaujua mguu huo. Na huko Dhaka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dokta Sayeba Akhter alichukua kondomu, akaifunga kwenye mwisho wa katheta (mrija mwembamba), akaiingiza ndani ya kizazi cha mama anayevuja damu baada ya kujifungua, akaijaza maji ya chumvi mpaka ikakandamiza mishipa. Kulikuwa na mipira ya kiwandani ya kazi hiyo, ya bei kubwa. Yeye aliandika matokeo yake na kuyachapisha mwaka 2003. Kuchapisha huko kulikuwa na nguvu ya kisheria pia: tangu siku hiyo hakuna awezaye kulidai wazo hilo kama jipya.

Jambo moja zaidi kabla sijaingia kwenye kusoma. Mtu akikuuzia kifaa na kukuambia "kina hataza", hajakuambia kama kinaponya. Ofisi ya hataza inasoma karatasi. Haimjaribii mgonjwa, haipimi joto la kompresa, haichunguzi kama plastiki inaachia sumu. Ruhusa ya kutumia kifaa kwa wagonjwa ni kazi ya mamlaka za afya, na ni safari ndefu kuliko ya hataza. Sokoni nimeona mikanda ya sumaku na vikombe vya kuvuta sumu vimeandikwa "patented" kwa herufi kubwa. Inawezekana ni kweli, na bado visifae kitu.

Namna ya kusoma

Hataza zinasomwa bure. Ofisi ya Ulaya ina Espacenet, Shirika la Mali ya Ubunifu Duniani lina Patentscope, Google nayo ina ghala lake, na yote yanafunguka kwenye simu hata kwa megabaiti za kuhesabu, mradi usifungue michoro yote kwa pamoja. Lugha ni ngumu kwa makusudi, basi usianze mwanzo. Anza na michoro. Kila kipande kina namba. Tafuta namba hiyo ndani ya maelezo uone kinaitwaje na kinafanya nini. Kisha nenda kwenye dai la kwanza, ulikate vipande, ujiulize kila kimoja kama kimo ndani ya kile unachotaka kutengeneza. Mwisho angalia tarehe ya ombi, hesabu miaka 20, na angalia nchi zilizotajwa kwenye familia ya hataza hiyo, yaani maombi ya uvumbuzi ule ule katika nchi mbalimbali. Kongo-Kinshasa huandikwa CD. Usipoiona, hiyo ni dalili nzuri, ingawa ofisi ndogo hazipeleki taarifa zao zote kwenye ghala hizo. Kwa kifaa cha biashara kubwa bado itabidi mtu aulize Kinshasa.

Kwa anayetaka kujizoeza, hataza ya Skarstrom ni US 2,944,627. Ni ya zamani, muda wake umeisha, na mchoro wake una mitungi miwili na valvu ambazo fundi yeyote wa friji wa Birere atazitambua kabla hajasoma neno hata moja.